Mahari Yako Bado Ninayo

Shoga yangu Zuhura,

Sijui barua hii itakufikia vipi. Naiweka wazi mtandaoni kwa sababu anuani yako sina, namba yako ya huko sina, na jina la mwajiri wako nililisikia mara moja tu, ukilitamka kwa kulibananga makusudi. Ukacheka, na mimi nikacheka, sikulishika. Kama kuna binti wa kwetu anayefanya kazi jirani na wewe huko Uarabuni na ana simu, naomba akusomee. Atakuuliza kama ndiye wewe. Mwambie ndiyo, na umwambie asome mpaka mwisho.

Unakumbuka siku niliyonasa kwenye ule upenyo mwembamba pangoni? Elia alikuwa ameshapita mbele na tochi, mimi katikati natambaa, wewe nyuma. Nikajivuta, siendi. Nikajivuta tena, kuna kitu kimenishika mgongoni. Nikaanza Ayatul Kursiyyu kwa sauti, nikafika katikati nikapotea, nikajikuta nasoma dua ya kula. Nyuma yangu kimya kabisa. Kumbe umeshika mkanda wa begi langu kwa mikono miwili na mtandio umeuuma kwa meno ili usicheke! Ulipouachia nilikwenda mbele kifudifudi, kifuniko cha chupa kikafunguka, chai yote ikamwagikia mikate begini. Tulikaa nje kwenye jua tukala mikate ya chai, Elia akasema, "Nyie watu wa pwani hata mkifa mtauliza kuna nini cha kula." Nilikununia mpaka tulipofika nyumbani Mabawa. Ulipoingia kuoga nikakufungia maji.

Watu walitushangaa sana. Wasichana wawili wa Mabawa na kijana wa Kisambaa kutoka Amani, kila Jumapili wanaingia mapangoni kwa hiari yao na kutoka wamejaa matope. Mama mwenye nyumba wetu aliamini tunatafuta mali ya Wajerumani. Wewe ukamwambia tumeshaipata, tunaitoa kidogo kidogo kwenye mabegi. Wiki nzima alikuwa anatupokea mizigo mlangoni.

Na kweli kulikuwa na kitu kwenye mabegi. Lile jiwe. Tuliliokota mtoni, nje, kwa sababu mawe ya ndani tuliyaogopa. Watu wanakwenda humo na marashi na vitambaa kuomba haja zao, na hatukutaka kesi na wenyewe. Lilikuwa laini, kubwa kama ngumi yako, na wewe ndiye uliyeliita Bwana Harusi. Tulikuwa tunatiliana kwa siri, na mtu akilikuta begini mwake lazima apige kelele "Nimeolewa!" na wengine wapige vigelegele, hata kama tuko katikati ya wageni. Elia ameolewa mara nyingi kuliko sisi wote.

Sheria ya pili aliileta yeye Elia. Amekulia kubeba mizigo milimani, uzito wa begi lake anaujua kwa bega, tukawa hatumpati tena. Akasema mcheze kwa haki basi: ukitia jiwe, utoe kitu cha uzito uleule. Hicho kinachotolewa tukakiita mahari. Unakaa nacho, hukifungui, mpaka mwenyewe alirudishe jiwe. Nimekaa na viatu vyako. Umekaa na sufuria yangu siku tatu, nikawa napika ndizi kwenye birika.

Halafu kuna ile siku ya kitochi chako, kile kisimu cha batani chenye mlio wa jogoo. Pangoni hakuna mtandao, kwa hiyo ulikitegea saa, ukakizamisha kwenye begi la Elia chini ya kamba. Tuko kwenye giza tupu, tumezima tochi kusikiliza popo, ghafla jogoo anawika mgongoni kwa Elia. Aliruka akagonga kichwa juu, akalivua begi akatoka nduki, likibaki linawika peke yake. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Kile kitochi ulipopata simu kubwa nikadhani umekitupa. Nilidhani, Zuhura. Sikukuuliza.

Sasa nifike ninapoogopa kufika.

Asubuhi ya safari, stendi, mama yako alikuwa ameshuka kutoka Moa kukuaga. Ulipomkumbatia ulinipa begi nikushikie. Bwana Harusi nilikuwa naye kwenye pochi. Nikamsukuma chini kabisa ya begi lako, na mkono ukakutana na kifurushi cha kitambaa cha bluu, kigumu, uzito unaolingana. Nikadhani ni sabuni. Nikakitoa, nikakificha ndani ya baibui. Nilijiona mjanja kweli. Niliwaza utakavyofungua begi huko ugenini, umechoka, hujui mtu, halafu umkute Bwana Harusi amekusubiri. Nilitaka ucheke, wallahi. Sikuwa na nia nyingine.

Na ulicheka. Ile sauti uliyonitumia ulipofika ninayo: "Nimeolewa! Mshenzi wewe, nimeolewa Uarabuni!" Nikapiga vigelegele peke yangu chumbani. Baada ya dakika chache ikaja sauti ya pili, na katika hiyo hucheki. Unasema polepole, kama mtu asiyetaka kusikika chumba cha pili: "Kile kitambaa cha bluu ni wewe umekitoa? Niambie ni wewe. Nisije nikawa nimekidondosha."

Nikakujibu: Ni mahari, shoga, rudisha jiwe. Nikaweka vicheko vitatu. Ujumbe una tiki moja mpaka leo, na huu ni mwezi wa saba tangu uondoke.

Sheria inasema mahari haifunguliwi. Niliifungua siku ya tano. Kitochi, chaja yake, na karatasi uliyoandika kwa mwandiko wako wa kulala: namba ya mama, yangu, ya Elia, na ya dada mmoja wa kwetu anayeishi huko miaka mingi. Hapo ndipo nilipoelewa. Ulishasikia kwa waliorudi kwamba kuna nyumba wanachukua simu siku ya kwanza. Ukajiandaa. Ulijiandaa vizuri kuliko wote, na mimi nikakutolea maandalizi yako begini kwa mkono wangu, nacheka.

Nimejaribu, usidhani nimekaa. Wakala aliyekupeleka simu yake haipatikani. Nimekwenda ofisi mbili, kote wananiuliza jina la mwajiri. Nilimpigia yule dada wa kwenye karatasi, akanisikiliza kwa huruma sana, akasema, "Mdogo wangu, mji huu una nyumba nyingi na milango yote imefungwa. Yeye akinipigia nitakwenda. Mimi nianzie wapi?" Elia anasema twende Moa tukamwambie mama yako ukweli. Mapangoni haendi tena. Mimi naye tukikutana tunaongea habari za mvua.

Kitochi nikakiweka hewani. Sijui kwa nini. Nilijiambia labda mtu atapiga. Na mtu akapiga, Ijumaa, baada ya swala. Jina likatokea: Mama. Nilikiangalia kikiwika mpaka kikanyamaza. Ijumaa iliyofuata tena. Simu yako kubwa haipatikani, kwa hiyo amerudi kwenye namba yako ya zamani aliyoikariri.

Nilikwenda kumsalimia, nikijiambia leo nitasema. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, na kabla sijakaa akanieleza kwa furaha, "Yule mwenzio namba yake ya zamani inaita. Hapokei, kazi za watu hizo. Lakini inaita. Simu ikiita, mwanangu, maana yake kuna mtu kaichaji, na aliyeichaji ni mzima." Nilikula wali wake, nikarudi Mabawa, nikachomeka chaja.

Nimeishi hivyo miezi mitano. Naogopa kisizime, naogopa kisiite. Umeme ukikatika napeleka kwa kinyozi mwenye jenereta. Siendi popote bila hicho kitochi begini.

Mwezi uliopita nilikwenda tena Moa, Ijumaa. Nilipanga kuondoka kabla ya swala kwisha, bodaboda akachelewa. Mama yako akanipa simu yake. "Hebu n'pigie, macho yangu leo hayana kitu." Akaitaja namba, tarakimu moja moja, ananiangalia kidole. Sikuwa na pa kukosea. Nikampa asikilize.

Jogoo akawika kwenye begi langu, pale mlangoni.

Mama yako anamjua jogoo yule. Ndiye aliyekuwa anawaamsha alfajiri ulipokuwa nyumbani. Hakugeuka kuliangalia begi. Alibaki na simu sikioni, macho kwenye ukuta, jogoo anawika na kuwika, mpaka ikakata yenyewe. Mimi nilishapiga magoti. Nikaanza, "Mama, ni mchezo, ni mchezo tu tulikuwa..." Akanyanyua kiganja.

"Inaita," akasema.

Akakunja mkeka, akaukunjua tena. Halafu akaniuliza, bado haniangalii, "Chaji yake inakaa siku ngapi?"

"Nne, mama."

"Basi isikuzimikie."

Ijumaa iliyofuata akapiga, baada ya swala, kama kawaida. Na hii ya juzi akapiga. Sipokei, maana hakuniambia nipokee. Nimechoka, shoga. Nina hatia ambayo hata anayestahili kunigombeza hataki kunigombeza.

Ulitaka kujua kama umekidondosha. Hukukidondosha. Ni mimi. Nakuomba radhi, na kama uko katika hali ambayo kuomba kwangu radhi hakuna maana, hilo nalo nalielewa.

Bwana Harusi usimrudishe, mtupe hukohuko. Nataka kitu kimoja tu. Tulikuwa tunakucheka kwamba hukariri namba ya mtu, kichwani mwako una namba moja, ya kitochi chako mwenyewe. Labda hukuwaza kuipiga kwa sababu unadhani imezima, au imelala kwenye matope ya stendi. Haijazima. Omba simu ya yeyote, ya dereva, ya mgeni, dakika moja, ujipigie wewe mwenyewe.

Mama anapiga Ijumaa. Jogoo akiwika siku nyingine yoyote, nitapokea kabla hajamaliza.

Ni mimi,
shoga yako niliyekuoza