Nilimzaba Mwanangu Kofi kwa Kusema "Nashukuru"

Mpendwa mshauri, naomba unisikilize na unisamehe mwandiko wangu maana shule niliishia darasa la nne, na haya ninayoandika sijamwambia mtu, hata mchungaji.

Mimi ni mama wa mabinti wawili, kazi yangu ni kupiga pasi kwa dobi, shuka za nyumba za wageni, na mume wangu ni dereva wa lori hivyo nyumbani tunabaki mimi, mama mkwe na watoto. Miaka mitatu iliyopita akina mama tulifundishwa kanisani kwamba kushukuru si kwa Jumapili tu, ni kila siku kama kunawa uso, nikaipenda sana habari ile maana mimi tangu utoto ni mtu wa wasiwasi, mtoto akikohoa mara moja moyo wangu umeshafika makaburini. Basi nikaweka sheria, asubuhi kabla ya chai kila mdomo utoe shukrani moja, na malalamiko hayaruhusiwi mezani mpaka shukrani itangulie. Tulicheka sana, mshauri. Kitinda mimba wangu alikuwa anasema, "Namshukuru Mungu leo si zamu yangu kuosha vyombo," na dada yake anamjibu, "Na mimi namshukuru Mungu zamu zimebadilishwa sasa hivi." Hata nikiwauliza wameamkaje, jibu likawa moja tu, "Nashukuru, mama."

Mwaka jana kifungua mimba wangu, binti wa miaka kumi na minne, akaanza kuacha chakula, nikamuuliza unaendeleaje, akasema, "Nashukuru, mama," kesho yake nikamwona anainuka kitini ameshika meza kama bibi yake, nikamuuliza tena, "Nashukuru, mama," na mimi nikaenda zangu kazini nikapiga pasi huku naimba. Siku ya tatu zamu yake ilipofika mezani akasema, "Namshukuru Mungu kwa sababu mama siku hizi hana wasiwasi." Nililia kwa furaha. Siku ya nne akaanguka bafuni, hospitali wakasema kidole tumbo kimepasuka, daktari akaniuliza, "Mama, huyu mtoto hakulalamika?" Wakamwingiza chumba cha upasuaji, hakutoka mzima.

Tangu siku hiyo shukrani nimezifuta nyumbani. Kanisani naenda, lakini ukifika wakati wa kushukuru natoka nje kama mtu anayetafuta choo. Mama mkwe ananiambia, "Mwanangu, shukrani si umeme, hukati tu ukikasirika." Sasa juzi kitinda mimba, ana miaka tisa, ameamka shavu limevimba, nikamuuliza vipi, akasema, "Nashukuru, mama." Mshauri, nilimzaba kofi. Shavu lile lile. Sijui mkono ulitoka wapi, mtoto akaangukia kapu la nguo, mama mkwe akapiga ukelele, "Unampiga mtoto kwa kumshukuru Mungu!" Toka hapo mtoto haniambii kitu, nikimuuliza jambo anamtazama bibi yake kwanza.

Je, nirudishe shukrani nyumbani au tuziache kabisa? Na je, ni mimi niliyemuua mwanangu kwa kumfundisha kushukuru? Nijibu tafadhali, hata kama jibu ni baya.

Mama wa Kifungua Mimba

Mama wa Kifungua Mimba, pole. Pole sana. Nami nakuita kwa jina hilo ulilojipa, maana kifo hakiwezi kukunyang'anya.

Kwanza, shavu. Umeandika barua nzima na hukuniambia kama mtoto amepelekwa kwa daktari. Weka gazeti chini, mpeleke. Jino halingoji sisi tumalize kubishana habari za imani.

Umerudi? Tuendelee.

Ulichanganya salamu na sala. Ile "nashukuru" ya kujibu hali ni adabu tu, ni mlango tunaomfungia jirani taratibu asije akaona fujo ya ndani. Hata mimi naisema nikiwa na homa. Wewe uliifanya sheria, ukawaambia wanao kwamba maumivu yasubiri zamu yake. Hapo ulikosea, sikufichi. Lakini kukosea si kuua. Kidole tumbo kimewadanganya hata wazazi wenye vyeti. Na yasome tena maneno ya binti yako siku ile ya tatu. Hakunyamaza kwa sababu ya Mungu. Alinyamaza akikulinda wewe. Watoto wa mama mwenye hofu hujifunza kumbeba mama yao kama yai. Hilo ndilo la kurekebisha, na bado unaye mmoja wa kulirekebisha naye.

Shukrani zirudishe, ila geuza utaratibu. Bwana wetu alipokwenda kaburini kwa rafiki yake alilia kwanza, watu wakamwona, ndipo akainua macho akamshukuru Baba. Machozi yake hayakusubiri zamu. Basi kwenu malalamiko ndiyo yatangulie. Usimuulize mtoto "unaendeleaje", swali hilo lina jibu lake tayari. Muulize "wapi panauma?" na usiondoke mpaka aonyeshe kwa kidole. Akionyesha, usishike kichwa, usipige mayowe. Kaa, shusha pumzi, mwambie, "Asante kwa kuniambia." Akiona habari mbaya haikuvunji, atakuletea na nyingine. Shukrani kwa Mungu ifuate, na asubuhi shukrani isipokuja, mwache anywe chai yake.

Wewe nawe, acha kutoka nje ya kanisa. Hakuna anayekudai umshukuru Mungu kwa kifo, na atakayekulazimisha mwambie mshauri amekataza. Kila siku tafuta jambo moja dogo la binti yako, namna alivyosuka nywele, namna alivyokosea wimbo, mshukuru Mungu kwa hilo tu, kisha lia. Usiharakishe kujifuta.

Limebaki kofi. Mwombe mtoto msamaha leo, na usimpe peremende badala ya maneno. Piga magoti macho yenu yalingane, useme, "Nilikosea. Niliogopa kukupoteza na wewe." Huenda akakuambia bado ana hasira na wewe. Usimkatize, usijitetee. Litakuwa neno la kweli la kwanza kukuletea tangu msiba, nawe lipokee kwa mikono miwili.