Barua ya Kusoma na Barua ya Faili

4 Februari

Mwanangu,

Marahaba, hata kabla hujaniamkia. U mzima? Unakula? Mimi sijambo, ila goti la kushoto limegoma tangu wiki iliyopita na nimelitukana mpaka nimechoka mwenyewe.

Nakuandikia kwa hasira, na hasira yenyewe si juu yako, bado. Ni juu ya zile albamu za kushonwa nilizouziwa na muuza vitabu wa karibu na posta. Aliniapia kwamba zitanitosha maisha. Maisha ya nani? Kila nchi imepewa kurasa nne, basi. Wewe unazunguka dunia na hiyo meli yako ya mizigo, kila bandari unanitumia stempu, na kurasa zimeshonwa, huwezi kuchomoa wala kuongeza. Nimefika mahali pa kuweka stempu za visiwa kwenye kurasa za nchi za barafu. Mimi, niliyekaa dirishani posta miaka thelathini na moja! Nikimkumbuka yule mzee na tabasamu lake natamani kumpiga na albamu yake.

Sasa sikiliza. Nataka mafaili ya pete, yale ya kufungua ukaongeza kurasa, kumi na mawili, ya aina moja, ili siku nikiongeza la kumi na tatu lisionekane mtoto wa kambo. Pete ziwe zimenyooka upande mmoja, si za duara tupu, maana za duara hukunja karatasi ya kwanza na ya mwisho. Mifuko ya plastiki ya ndani isiwe ile inayonuka kama pazia jipya la bafu. Ile hutoa jasho wakati wa joto ikala rangi. Na iwe mipana, bahasha nzima iingie. Huko bandarini maduka ni mengi. Ingia, vuta pete kwa kidole, nusa plastiki, kisha unipe habari.

Na usivunje utaratibu wetu. Barua ya kusoma itie kwenye bahasha yoyote. Barua ya faili, ile ya kutunza bahasha na stempu zake tu, ndani iwe na kadi tupu ya kuikaza, na umwombe karani agonge muhuri taratibu. Ya faili siifungui, unajua. Bahasha ikishachanwa kwangu haina maana.

Ujitunze na hizo mashine.

Mama yako

11 Machi

Mama,

Shikamoo. Natumaini goti limesikia matusi. Ningependa kusema mimi mzima, lakini si kweli.

Naandika kwa mkono wa kushoto, ndiyo maana mwandiko umekuwa wa mtoto wa chekechea. Wa kulia ulinaswa na mkanda wa pampu tarehe kumi na tisa mwezi uliopita. Vidole vitatu vimekwenda. Vimebaki gumba na kile cha mwisho. Meli ilinishusha hapa ikaondoka kesho yake. Nahodha alisema pole mara moja, akatazama saa. Nimelazwa wadi ya watu kumi na lugha yao siijui.

Kazi imekwisha, Mama. Hakuna meli inayomtaka fundi wa mashine mwenye vidole viwili. Kampuni imeniletea karatasi ya kujaza, wanataka kujua wanirudishe wapi. Pale kwenye mstari nimekwama. Miaka sita iliyopita nilipokataa ile nafasi ya posta uliyonitafutia, ulisimama mlangoni ukasema nikivuka kizingiti nisirudi kukulilia. Tangu hapo tumeandikiana vizuri, tumetaniana, nimekutumia stempu za nusu ya dunia. Lakini hujawahi kuandika neno "rudi". Nimezisoma barua zako zote tena hapa kitandani, nikilitafuta.

Basi nauliza. Nirudi nyumbani? Chumba changu kipo? Ukisema ndiyo, nitajaza nyumbani. Ukisema hapana, au ukizungusha maneno, nitaelewa. Kuna baharia mwenzangu ambaye mjomba wake ana ghala, mbali sana na huko, anahitaji mlinzi. Atanisubiri hadi mwanzo wa Mei.

Nina bahasha moja tu. Nimetumia stempu nne za ndege nilizokununulia kabla ya ajali. Anwani ameiandika nesi, na nyuma ameweka sanduku la posta la hapa ili jibu lako linifikie. Kadi sina, kwa hiyo karatasi hii naikunja mara nne, ikae ngumu. Karani wa posta amepita wadini na muhuri wake nikajikuta namwambia taratibu, taratibu. Mazoea.

Nijibu, Mama.

Mwanao

2 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Huko hali ya hewa ikoje? Mimi mzima, goti limetii, napanda ngazi kama msichana.

Bahasha yako imefika na nimepiga vigelegele peke yangu jikoni! Ndege wanne, kila mmoja rangi yake, na muhuri umegusa stempu zote nne bila kumziba hata mmoja jicho. Tarehe inasomeka. Na anwani, mwandiko wa kistaarabu, si ule wako wa kuku. Nimeiweka faili la kwanza, ukurasa wa kwanza.

Ndiyo, mafaili nimeyapata, sikuweza kungoja. Ni ya kijani, kumi na mawili. Yule kijana wa vifaa vya ofisi nilimrudisha stoo mara tatu. La kwanza pete zilikuwa hazifungi sawa, ukipitisha ukucha unakwama, na karatasi ingechanika hapohapo. La pili lilinuka. La tatu akaniambia, "Mama, hiki ni kifaa cha kuwekea karatasi tu." Nikamwambia, na wewe ni kifaa cha kuuzia tu, fanya kazi yako. Akaleta la nne, nikalichukua.

Shida ikawa mahali pa kuyaweka. Nimemwita seremala. Chumba chako tumekitoa kitanda, tumeweka rafu ukutani kote, na dirisha nimelipiga pazia jeusi maana mwanga hufifisha rangi. Kitanda amechukua mwenye duka la jirani. Kimependeza! Sijui kwa nini sikufanya hivyo miaka yote hii. Kilikuwa kimekaa bure.

Andika basi, hata mistari miwili. Umekuwa mvivu.

Mama yako

20 Aprili

Mama,

Shikamoo. Ya goti nimesikia. Ya kwangu hukuuliza, umeuliza hali ya hewa.

Jibu nimelipata. Nimelisoma mara tano, nikidhani labda kuna ukurasa umepotea. Nilikuuliza jambo moja, umenijibu kwa seremala. Ungesema hapana, mtu mzima angeikubali. Lakini kunieleza jinsi kilivyopendeza! Kumsifu karani kwa muhuri wake! Kuucheka mwandiko wangu, sasa hivi, baada ya kila nililokueleza!

Siku nne nililala nimegeukia ukuta. Nesi alidhani homa imerudi.

Nilifikiri hizi stempu ni njia yetu ya kusameheana, na kumbe nilikuwa nafanya kazi ya kujaza rafu. Kila bandari wenzangu walikwenda kujistarehesha, mimi nikapanga foleni posta nikibembeleza makarani kwa ishara za mikono. Kwa mikono yote miwili, Mama.

Naondoka hapa tarehe tano Mei, naenda kule nilikokwambia. Anwani sitaacha. Usihangaike kutafuta stempu kwenye barua hii. Ofisi ya kampuni ina mashine inayogonga wino mwekundu badala ya stempu, na nimewaomba waitumie kwa makusudi, usipate hata kipande cha kuweka kwenye faili.

Mwanao, kama neno hilo bado lina kazi

9 Mei

Wewe mtoto,

Marahaba yako hii hapa, ingawa shikamoo yenyewe umenitupia kama mfupa. Mimi mzima, na shukuru uko mbali, maana ungejua jinsi nilivyo mzima.

Una wazimu? Jambo gani uliloniuliza? Tangu Januari sijapata kwako barua ya kusoma hata moja. Moja! Nakuandikia kuhusu mafaili, kimya. Halafu inakuja bahasha ya faili, nikafurahi nikasema angalau yu hai. Halafu matusi ya kurasa mbili, kwenye bahasha ya wino mwekundu, kwa mwandiko ulioanguka kama umelewa. Nesi gani? Homa gani? Kule ulikoniambia ni wapi? Hukuniambia chochote! Mimi nilikulea peke yangu, sikukulea uje kunitungia dhambi.

Ngoja. Naenda kulitoa faili la kwanza. Nitaichana ile bahasha yako, nami sijawahi kuchana ya faili maisha yangu, na nitakutumia kadi yako tupu ndani ya barua hii, upate haya.

Nimerudi. Hakukuwa na kadi.

Mwanangu. Vidole vitatu.

Nimekaa sakafuni na barua yako, goti na yote. Ilikaa hapa siku thelathini na saba. Niliwaonyesha watu. Mwenye duka alikuja kunywa chai nikamfungulia faili nikamwambia tazama muhuri huu. Nilikuwa nimekushika mkononi unaniuliza kama urudi, namwonyesha mwenye duka muhuri.

Nina hasira, sijui nianzie wapi. Nina hasira na nahodha wako na saa yake. Nina hasira na mimi, na mdomo wangu ule wa mlangoni. Lilikuwa neno la mtu anayeogopa. Kesho yake nilitaka kulirudisha, nikaona aibu, nikaomba stempu badala yake. Miaka sita naomba stempu.

Lakini na wewe nina hasira, na hii usiikwepe. Uliamini! Ulifikiri mimi, mama yako, naweza kusoma kwamba umekatwa vidole nikakujibu habari ya pazia? Ulikaa siku nne unaamini hivyo na hukuandika hata kuuliza "Mama, umesoma?" Hilo sitakusamehe upesi. Uje nikusamehe ukiwa hapa.

Chumba kipo. Nimekwenda kwa mwenye duka sasa hivi. Alikuwa amekilalia kitanda, nikamwambia inuka. Rafu seremala anakuja kuzing'oa asubuhi, na mafaili nimeyarundika ukumbini, yakiliwa na mwanga yaliwe. Jaza nyumbani kwenye hiyo karatasi. Jaza leo. Najua ulisema unaondoka tarehe tano, lakini naituma hapo hospitali hivyo hivyo, huenda umechelewa.

Rudi. Ona, nimeliandika.

Mama

17 Juni

Mwanangu,

Sijui kama u mzima. Sijui unalala wapi, nani anakufunga hicho kidonda. Mimi nipo.

Barua yangu ya tarehe tisa imerudi haijafunguliwa. Mtu wa hospitali ameandika juu yake kwamba umeondoka. Imegongwa mihuri mitano, kwenda na kurudi, na kibandiko cha njano cha kurudishia. Watu wa stempu wangeigombania bahasha hiyo. Nimeichana vipande nikaitia motoni.

Kampuni nimewapigia simu kutoka posta mara tatu. Wanasema umesaini, umeondoka, faili limefungwa. Niliwajibu neno ambalo dirishani pangu ningemfukuza mtu kwa kulisema. Mkuu wa posta mpya aliniomba nitoke. Nikamwambia atoke yeye.

Basi nimefanya hivi. Nimezitoa bahasha zako zote kwenye mafaili, moja moja. Nyuma ya kila moja umeandika ulikokuwa: nyumba ya mabaharia, posta ya bandari, duka la chakula lililokupokelea barua. Naandika kila mahali. Baharia mwenzako lazima ana mtu mahali fulani, na mtu huyo anamjua mwenye ghala. Pete za mafaili ziko wazi, kurasa zimetapakaa sakafuni, na mifuko ya plastiki niliyoinusa kwa makini vile nimeikata kwa mkasi kwa sababu ilikuwa inanichelewesha. Leo ni barua ya ishirini na sita. Mkono unauma, na kila unapouma naukumbuka wako nazidi kuandika.

Ndani nimekuwekea maneno yote ya barua iliyorudi. Lakini huenda hutaki kuifungua. Huenda umeona mwandiko wangu ukaitupa pembeni, na haki unayo. Huenda imefika kwa mtu asiyekujua. Kwa hiyo nimeandika na nje. Miaka thelathini na moja niliwakemea watu kwa kuchafua bahasha, nikawaambia mbele ni pa anwani na stempu tu. Hizi zangu zimejaa wino mpaka stempu imekosa pa kukaa. Nimeiweka nyuma. Kila karani na asome, kila tarishi na asome, amsomee na jirani yake. Na wewe ukiipata huna haja ya kuichana.

Mama

*

(Mbele ya bahasha, kwa herufi kubwa)

NI YA FUNDI WA MASHINE MWENYE VIDOLE VIWILI MKONO WA KULIA. UKIMWONA MWAMBIE BARUA YAKE HAIKUFUNGULIWA. MAMA YAKE HAKUJUA. CHUMBA KIPO. KITANDA KIPO. ARUDI.