Mkono wa Kulia wa Mama

Dada yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu nyingi, nikitumaini kwamba zinakukuta mzima, wewe na wote walio nyumbani kwako. Goti linaendeleaje? Mara ya mwisho uliniambia wewe na ngazi hamsalimiani tena. Huku hatujambo. Shemeji yako anakohoa kidogo, lakini bado ana nguvu za kubishana na redio, kwa hiyo sina wasiwasi naye.

Najua utajiuliza kwa nini nimeandika badala ya kupiga simu. Dada, kwenye simu huwa unanipa nafasi ya maneno matatu, kisha unayamaliza mengine wewe mwenyewe. Safari hii nataka niseme mpaka mwisho.

Kwanza nikueleze haya mafunzo, maana nimesikia ulimwambia binamu yetu kwamba nimeacha cherehani ili nikajifunze kulala chini. Si uongo sana. Tunasomea ghorofani, juu ya duka la magodoro, na siku ya kwanza tulipolazwa chali tulegeze mwili, nilikoroma mpaka wenzangu wakanibandika jina la Jenereta. Shemeji yako naye anauliza hiki ni chuo gani kinachofundisha watu wazima kupumua, wakati mbuzi wanapumua bila cheti.

Mwalimu wetu ni mama mmoja mfupi tunayemwita Bi Taratibu, kwa kuwa neno hilo halimwishi mdomoni. Alituambia kwamba mwalimu wa yoga husimama mbele ya darasa zima, lakini sisi tunaosomea tiba ya yoga tutakuwa tunaketi na mtu mmoja mmoja. Unasoma barua ya daktari wake, unaangalia anavyokaa, anavyovuta pumzi, anavyoogopa, ndipo unamtafutia zoezi linalomfaa, hata kama ni kuinua kidole tu akiwa kitini. Na usimwahidi mtu kupona.

Sasa tangu tuanze somo la mabega na mikono, marehemu Mama haniondoki akilini. Namwona pale kibarazani kwenye kigoda chake, mteja kaketi chini kati ya magoti yake, wengine wawili wanangoja zamu, na yeye anapiga soga na wote watatu bila vidole kukosea mstari hata mmoja. Unakumbuka alivyokuwa akitugeuza kichwa kwa kidole kimoja? "Tulia, ninasuka, sifukuzi kuku!" Hata siku ya harusi yako ulikataa kusukwa na mtu mwingine. Alikusuka kutwa nzima, nami nikashika kioo mpaka mkono ukafa ganzi. Kila nikinusa mafuta ya nywele mahali popote, nageuka kumtafuta.

Halafu ikaja ile asubuhi ya kiharusi, chanuo lilipomponyoka mkononi. Wewe ulikuwa na kazi yako kule mbali, ukawa unakuja Jumamosi. Mimi ndiye niliyebaki naye. Na yule mtaalamu wa viungo wa hospitali, tuliyemwita Bwana Kunja-Kunjua, akatupa karatasi yake: mazoezi mara tatu kwa siku, na kila yakifanyika niweke alama ya vema. Miezi sita ikapita, mkono umefumba vilevile. Huwezi kuwa umesahau ulichofanya siku ile. Ulimkabili yule bwana mbele ya benchi zima la wagonjwa, ukamwambia hajui kazi, kwamba kitu pekee alichojua kukunja ni mikono ya shati lake. Watu walikupigia makofi. Yeye aliiangalia ile karatasi iliyojaa vema, akasema kwa sauti ya chini kwamba haelewi. Tukamchukua Mama, hatukurudi tena.

Vumilia kidogo, nafika.

Hapa chuoni kila mwanafunzi hupewa mgonjwa mmoja wa kufuatana naye wiki kumi na mbili, na kila tunachofanya tunakiandika daftarini. Mimi nilipewa seremala mstaafu, aliyepatwa na kiharusi kama Mama, mkono uleule wa kulia. Ni mzee mcheshi. Ananiuliza kila mara kama nimemletea mkono mpya. Lakini wiki ya saba alikuja amechoka, bega linamuuma, na tulipoanza tu akanishika kwa mkono wake mzima akaniambia, "Mwanangu, leo tuandike tu kwamba tumefanya."

Dada, nilitoka nje, nikaketi kwenye ngazi, nikalia kama mtoto.

Maneno hayo aliwahi kuniambia Mama. Hili ndilo lililonifanya nikuandikie leo. Zile vema za kwenye karatasi ni za uongo. Wiki tatu za mwanzo tulifanya kweli, lakini alikuwa akilia, na mimi nilikuwa na miaka ishirini na mbili, sikuweza kumuumiza mama yangu. Siku moja akaniomba tuuache mkono upumzike, tuandike tu. Kesho yake akaomba tena. Baadaye hakuhitaji hata kuomba. Nilikuwa naketi kila Ijumaa naweka vema za wiki nzima kwa mkupuo, nikibadilisha kalamu ili zisifanane. Siku uliyomfokea yule bwana, nilikuwa nimesimama nyuma yako, nimeshika mkoba wa Mama, na neno moja tu kutoka kwangu lingekunyamazisha. Sikulisema. Mama naye hakulisema. Alinifinya kidole kwa mkono wake wa kushoto, tukatoka.

Miaka ishirini na minne umekuwa ukisimulia kisa hicho kwenye kila mkusanyiko wa familia, nami nacheka na wengine.

Nilipojifuta machozi nilirudi ndani, nikamwambia yule seremala kwamba kuandika uongo siwezi, ila hatutalazimisha bega. Tukavuta pumzi pamoja nusu saa nzima, basi, na daftarini nikaandika hivyohivyo: leo tumepumua tu. Bi Taratibu aliposoma aliniuliza kilichonitoa machozi. Nikamweleza. Nilidhani atanifariji. Akaniambia tu kwamba yeye si mwenye haki ya kunisamehe.

Basi nikamtafuta Bwana Kunja-Kunjua. Amestaafu, anaishi kwa binti yake, amekonda. Nilimweleza kila kitu nikiwa nimesimama, maana kuketi nilishindwa. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema kwamba baada ya siku ile alianza kwenda mwenyewe majumbani kwa wagonjwa wake, kwa sababu hakuamini tena kwamba anachofundisha kinafanya kazi. Nilimuuliza kama Mama angesuka tena lau tungeyafanya yale mazoezi. Akanijibu kweli: kusuka, hapana, hadhani, lakini huenda angeweza kushika kikombe. Hicho kikombe, Dada, ndicho ninachotembea nacho.

Hakunikaripia. Aliniomba jambo moja, kwamba nikuambie wewe, kwa kuwa kwa miaka yote hiyo sauti anayoisikia ni yako.

Siombi unielewe haraka. Kasirika utakavyo, wewe ni mkubwa wangu, na hasira hiyo ni haki yako. Lakini namba yake ya simu nimeiandika nyuma ya ukurasa huu. Anasema jioni huwa hana kazi.

Nisalimie shemeji na wanao wote, na mdogo wao umwambie kwamba mama yake mdogo wa kushona ameacha kushona lakini sare yake ya shule nitaimalizia. Mtihani wangu ni mwezi ujao. Niombee, kama bado unaweza.

Ni mimi, mdogo wako uliyemlea mgongoni,
Kitindamimba