Tumbaku ya Kusini Haikujichuma

Mama, shikamoo.

Hapa kwa kaka Yusufu, Acocks Green, Uingereza, mvua haijakatika tangu Jumatatu. Jana binti yake, Neema, alinionyesha kazi ya shule kuhusu makoloni ya kwanza ya Waingereza kule Marekani. Kaskazini kulikuwa na baridi na mawe, basi watu wakavua samaki na kuunda meli. Katikati walilima ngano. Kusini, ameandika, walitajirika kwa tumbaku kwa sababu ya joto na udongo mzuri.

Nikamuuliza, "Nani aliichuma?" Akanijibu kwa Kiingereza kwamba swali hilo halimo. Nikachukua penseli, nikaandika pembeni: watumwa kutoka Afrika. Akafuta taratibu, asichane karatasi.

Nikamweleza jinsi wewe, bibi yake, unavyochuma tumbaku huko Urambo, jani kwa jani, mpaka utomvu unagandia vidoleni na sabuni inashindwa. Yusufu, uliyemsomesha kwa tumbaku hiyohiyo, akasema nimwache mtoto amalize homuweki.

Jipake mafuta mikononi, Mama, upumzike. Huku wanaamini tumbaku huchumwa na jua.

Mwanao akupendaye,
Rehema