Mzee Yuko Gereji, Usiite Polisi

Maribeth mke wangu,

Chakula kimo kwenye oveni. Usiegeshe gari mbele ya gereji. Na ukisikia mtu anapiga randa humo ndani, tafadhali usiite polisi. Ni mzee Halvor Engstrom, yule seremala.

Ndiyo, yule tuliyeambiwa amekufa.

Asubuhi nilikwenda kwake kwa sababu vitu vyake vilikuwa vinauzwa. Nilikuahidi sitanunua hata patasi, na kweli sikununua. Nilishuka kwenye karakana yake kutazama tu, nikamkuta mwenyewe amekumbatia randa ya babu yake, na mteja mmoja anaivuta upande wa pili.

"Lakini mzee, imebandikwa bei!"

"Basi nibandike na mimi!"

Binti yake, Karin, alikuwa ngazini analia. Kumbe hakufa, anamhamishia tu kwenye makazi ya wazee, na huko hawaruhusu hata msumeno. "Baba, vyote hivi tutaviweka wapi?"

Mdomo wangu ukanitangulia: "Kwetu."

Basi vifaa vyote vinakuja, na mwenyewe atavifuata kila Jumamosi. ~~Hatakula kwetu.~~ Atakula chakula cha mchana. Hapendi vitunguu. Nimekwenda kuchukua mzigo wa pili.

Usimgombeze yeye, nigombeze mimi. Alipofika aliniuliza kwa sauti ndogo, kama mgeni, patasi zake zitalala ukuta upi. Nikamwambia achague mwenyewe. Amechagua ule wa baiskeli yako.

Baiskeli iko chumbani, upande wako wa kitanda.

Mumeo