Milango Kumi ya Nairobi

Butimba, Jumapili baada ya misa

Baba,

Shikamoo. Najua hutaitika, lakini hukutulea tuanze habari bila salamu, kwa hiyo ipokee hukohuko uliko.

Mama anaona. Nimetaka nilitangulize hilo kabla sijaanza kuzunguka, maana unanijua nikishika kalamu. Anaona kwa jicho la kulia, akiwa amevaa miwani mizito kama kitako cha chupa, na tangu tumerudi hatuna raha nyumbani. Jana amenirudishia ungo wa mchele niliouchambua mimi mwenyewe, akaniuliza kama nilikuwa natafuta mchele au natunza mawe. Miaka yote ile tulikuwa tunatafuna mawe, baba, na wewe ulikuwa unatafuna kimya, unasema chakula kitamu. Leo asubuhi ameona utando wa buibui juu ya picha yako. Sikusikia mahubiri hata kidogo, nilikuwa nasikia utando wa buibui njia nzima mpaka kanisani.

Habari nyingine ni ndogo. Ujumbe wa nyumba kumi amepewa Ndugu Masanja. Ni mtu mwema lakini hatembei. Wewe ulikuwa unapita kila mlango kuuliza nani kaingia mgeni, nani mgonjwa, nani kapigana na mkewe. Yeye anakaa kwenye kiti chake na watu tunamfuata. Baba mdogo wa Magu wamemhamishia kijiji cha ujamaa, na nyumba iliyopakana na yake ni ya yule mzee waliyegombana kwa sababu ya ng'ombe hadi wakanyimana maji. Sasa wanapalilia pamba shamba moja. Anasema wamemkondesha. Tulipomwona alikuwa amenenepa.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe.

Wiki ile ya mwisho, mama alipokuwa ametoka kwenda kuoga, ulinishika mkono ukaniambia jambo ambalo hukumwambia mtu. Sisi wote tulijua kwamba ulimpeleka mama Nairobi kutibiwa macho, na daktari akasema mtoto wa jicho hajakomaa, mrudi nyumbani msubiri. Ndivyo ulivyotuambia, na ndivyo mtaa mzima ulivyojua. Kumbe hakukuwa na daktari. Hamkufika hata kwenye geti la hospitali, na mama ulimwambia umekwenda kwa daktari peke yako kumweleza hali ya macho yake. Mliposhuka stesheni alikuja bwana mmoja amevaa tai, akachukua mzigo wako, akakuita mheshimiwa. Huku kwetu sote ni ndugu, kuanzia mkuu wa mkoa mpaka mchunga mbuzi. Hakuna aliyewahi kukuita mheshimiwa maishani mwako, na jina likakupendeza. Ukamfuata. Akawapeleka gesti yenye bango kubwa hapohapo karibu na stesheni, ukaficha fedha za matibabu chini ya godoro, ukafunga mlango, ukashuka kumtafutia mama chai. Uliporudi mlango ulikuwa umefungwa vilevile, mama ameketi sebuleni ulipomwacha, na chini ya godoro hakuna kitu. Mwenye gesti akakucheka.

Niruhusu nikutanie kidogo, kwa kuwa huwezi kunipiga. Baba, wewe! Mjumbe uliyekuwa ukimfundisha kila anayesafiri kwamba mtu akifika ugenini aanze kwa mjumbe wa pale, ajulikane, ndipo atafute pa kulala. Wewe mwenyewe ulipofika ugenini uliona haya kuuliza. Ukasema, mjumbe amwulize nani?

Lakini uliponiambia sikucheka. Ulikuwa unalia, na mimi nilikuwa sijawahi kuona machozi yako. Uliniita mama kwa Kisukuma, kama ulivyozoea, ukasema, "Mayu, nimemnyima mama yako macho." Siku ya nne ukafa na neno hilo. Siku ya kukuzika niliapa kwamba mama atarudi Nairobi na atalala mahali salama hata kama nitakesha mimi mlangoni.

Baba mdogo aliuza ng'ombe wawili bila kuulizwa mara mbili. Fedha nilizishona kwenye pindo la gauni la ndani la mama, nikamwambia hata malaika akimwita mheshimiwa asilivue. Kwa Ndugu Masanja nilipata barua ya utambulisho yenye muhuri, nimeiandika mimi kwa maneno yako, yeye akatia sahihi bila kuisoma. Tukapanda meli mpaka Kisumu, kisha treni, tukaingia Nairobi asubuhi.

Walitujia, baba. Wenye tai na wasio na tai. Dada, hoteli nzuri. Mama, pumzika kwetu. Nilimshika mama mkono, mzigo kichwani, nikapita katikati yao kana kwamba nimezaliwa pale. Muuguzi mmoja tuliyepanda naye treni alikuwa ameniambia jambo moja la maana: mgonjwa wa macho atatakiwa hospitalini kila asubuhi, na akishafungwa bandeji hawezi kubadilisha mabasi mawili katika vurugu ile. Akanitajia mtaa ambao basi moja linatoka moja kwa moja mpaka hospitali. Tukaenda mtaa huo. Gesti zilikuwa tano, zote zimeandikwa safi, zote nafuu. Nitajuaje ipi itatuibia?

Nikafanya ulivyotufundisha. Niliingia duka la kwanza, la fundi cherehani, nikaamkia, nikatoa barua, nikauliza mjumbe wa nyumba kumi hizi anakaa wapi.

Fundi akanitazama. "Mjumbe gani?"

Nikamweleza. Akasema hapa hakuna kitu hicho, kila mtu na mlango wake. Nilidhani ananificha, au hajui kwa sababu ni mgeni. Lakini alimpa mama kiti, akaniuliza namtafutia nini mjumbe, nikamwambia tunatafuta pa kulala. Akasema gesti ile ya rangi ya bluu niiache, wateja wake wawili wamepoteza masanduku mle. Nikashukuru, nikaenda mlango wa pili kumwulizia mjumbe. Kwa mshona viatu. Naye hamjui mjumbe, lakini alijua kwamba ile ya ghorofani juu ya kinyozi watu wanalala kwa saa, si kwa siku, na si usingizi wanaofuata. Mama alisikia, akaguna. Mlango wa tatu, Mhindi wa vitambaa. Wa nne, mama muuza uji, ambaye alitupa vikombe viwili akakataa malipo kwa sababu mama alimwamkia mtoto wake kwa heshima kama mtu mzima, hakumwona ni mtoto. Tulicheka wote, na mama akacheka kuliko sisi.

Milango kumi, baba. Nilihesabu nyumba kumi kamili kama katiba ya chama inavyotaka, nikijua lazima mmoja wao ndiye. Mlango wa kumi alikuwepo mzee mwuza magazeti. Aliisoma barua yangu yote, akaikunja vizuri, akaniambia kwa upole: "Binti, Tanzania yenu ni nzuri, lakini umeiacha Tanzania."

Niliketi kwenye ngazi. Nilijisikia mshamba wa washamba. Mama alichoka, jua limepanda, nami nimemtembeza mtaa mzima kutafuta mtu ambaye hayupo. Nilikuwa karibu kulia. Ndipo mama akasema, "Kabula, mbona unakaa? Si wamesha­kwambia?"

Wameniambia nini? Nikaanza kuwaza. Fundi kasema bluu wanaiba. Mshona viatu kasema ya juu ya kinyozi haifai watu wa heshima. Muuza uji kasema ile ya kona maji yanakatika. Mhindi kasema nyingine mlango haufungwi. Na watu sita, ambao hawakusikiana, walikuwa wametaja nyumba moja iliyobaki: ya mjane, nyuma ya duka la mikate, kituo cha basi kiko mbele yake. Wanaotoka vijijini na wagonjwa wao hufikia kwake. Sikuwa nimempata mjumbe, lakini kazi ya mjumbe ilikuwa imekwisha fanyika.

Hata hivyo sikuingia kichwakichwa. Nilizunguka kwanza uani kutazama kamba ya nguo. Shuka zilianikwa zimetiwa viraka vizuri, na kando yake nepi za watoto. Nikajua humu kuna familia. Nikaomba chumba, nikajaribu komeo la ndani mara tatu, nikatazama dirisha kama mtu anaweza kupitisha mkono. Nikamwuliza yule mjane funguo za akiba anatunza nani. Alikuwa mwanamke mnene, mkali, anaitwa Mama Njeri. Alivuta kamba shingoni, funguo zote zikatoka kifuani mwake. Akasema, "Mimi, na nikifa watazizika na mimi."

Nikampa barua. Sikujua nifanye nini kingine nayo. Akasoma kwa sauti, polepole: mleta barua hii ni raia mwema, binti wa marehemu aliyekuwa mjumbe wetu, anamsindikiza mama yake mgonjwa, tafadhali asaidiwe na kiongozi wa hapo atakapofikia. Akarudia pale penye kiongozi wa hapo. Nilingoja acheke. Akaitia barua kifuani pamoja na funguo, akasema, "Haya. Basi mjumbe ni mimi. Mwingize mama."

Nikalia pale pale ukumbini, mbele ya wageni wake. Sijui haya zangu zilikwenda wapi.

Mama Njeri alikuwa mjumbe kuliko wajumbe wote. Kila asubuhi aligonga mlango kabla basi halijafika. Mama alipolazwa wodini, nilipeleka uji asubuhi na wali jioni kwa basi lile moja, na yule mama wa uji alinijazia chupa ya chai. Alipotolewa wodini amefungwa bandeji, kondakta alishanijua, akawa anasimamisha basi mpaka mama aketi. Fedha zilibaki kwenye pindo mpaka siku ya kulipa, na nilipozifumua mbele ya karani, mama alisimama wima kama askari.

Siku ya kufunguliwa, muuguzi alimvalisha miwani ya kujaribia. Mama alimtazama daktari kwa muda mrefu. Kisha akanigeukia mimi, akanitazama juu mpaka chini, na nilidhani atasema neno la kukumbukwa maisha yote. Akasema, "Nani amekusuka nywele hivyo?"

Nilipiga kigelegele mle ndani ya kliniki. Walinikataza, nikaongeza kingine.

Baba, sasa ni lazima nikwambie kitu ambacho hukukijua. Tulipokuwa melini tunarudi, mama hakuingia ndani kabisa. Alikaa ukingoni mwa meli anatazama maji, visiwa, na wavuvi wa dagaa, ananitajia kila kitu kana kwamba mimi ndiye niliyekuwa kipofu. Nikaona wakati umefika, nikamwambia siri yako. Nilianza kwa kuzunguka, akanikatiza.

"Nilijua," akasema.

Alijua siku ileile. Alikuwa sebuleni, haoni, lakini anasikia. Alikusikia ukigeuza godoro mara tatu. Alisikia mwenye gesti akicheka. Kisha ukatoka ukakaa muda mrefu, ukarudi ukamwambia umemwona daktari, naye akakusikia kwenye sauti kwamba umetoka kulia. Nikamwuliza kwa nini alinyamaza miaka yote. Akasema, "Alikuwa hana kitu kingine cha kurudi nacho nyumbani, ila uongo ule. Ningemnyang'anya na huo?"

Nilikasirika, baba, nakwambia ukweli. Miaka yote hiyo mmelala kitanda kimoja, kila mmoja anamficha mwenzake jambo ambalo wote wawili mnalijua, na wewe ukaenda kaburini unafikiri ulimnyima macho. Nililia mpaka Mwanza. Lakini mama hakulia. Alisema mtu anayeweza kudanganya kwa upole namna ile ni mume, na wanaosema kweli kwa ukali wamejaa tele.

Sasa watu wanakuja kwetu. Kutoka Mkolani, kutoka Magu, mmoja alivuka kutoka Ukerewe. Wanataka jina la gesti. Nawapa, lakini nawaambia wapite kwanza milango kumi, wapeleke salamu zangu kwa fundi na kwa mshona viatu, maana Mama Njeri anaweza kufa na nyumba ikabadilika mikono. Nakuahidi hili, baba: maadamu nina miguu, hakuna mtu wa mtaa wako atakayeshuka stesheni ya Nairobi bila kujua analala wapi na kwa nani.

Mwezi ujao tunarudi, kwa ajili ya jicho la kushoto. Tunakwenda na Bibi Nkwimba wa nyumba ya nne, ambaye haoni kabisa, na mama amesema yeye ndiye atakayemshika mkono. Kisha ameniambia ana safari yake nyingine mjini humo. Anataka nimpeleke kwenye ile gesti ya karibu na stesheni. Nimemwambia hakuna haja, mama, utafanya nini pale? Akasema hatagombana na mtu. Atasimama tu mlangoni, amwambie mwenye nyumba kwamba mume wake alimfikisha hospitalini.

"Nitamwambia alichelewa tu," akasema.

Pumzika, baba.

Mwanao,
Kabula