Mjumbe Wetu Yuko Ndani

Jumapili, 16 Februari 2025
Nimemchukua mwanangu Nafuna kwa kukhu, bibi yake, Bungoma. Sikuingia ndani. Kwetu mkwe na mama mkwe hawakai chumba kimoja, hawasalimiani kwa mkono, hawatazamani. Nilisimama karibu na zizi kama kawaida, shemeji akaniletea chai. Mama mkwe alikuwa jikoni akimtuma Nafuna: mwambie baba yako jicho la kushoto la huyu mtoto linalala. Nikamrudisha na jibu: ni mchezo, anajifunza kukonyeza. Nafuna akarudi mbio.
"Kukhu amesema wewe ndiye unacheza."
Ana miaka tisa, na anaiga sauti ya bibi yake sawasawa!
Tulipofika Kitale nimemsimamisha penye mwanga wa dirisha. Kope imeshuka kweli. Na kichwa kinamuuma tangu Ijumaa – hakuniambia.

Alhamisi, 20 Februari
Picha ya kichwa imepigwa hapa Kitale. Mshipa wa damu nyuma ya jicho umefura, unasukuma neva ya kope. Haujapasuka. Ukipasuka – daktari hakumaliza sentensi.
Tunatumwa hospitali kubwa, Eldoret; nafasi ya karibu ni tarehe 3 Machi. Mke wangu Phelista ana mimba ya miezi minane na presha iko juu, amekatazwa safari. Amelia kidogo, kisha akapiga pasi nguo zote za Nafuna, hata soksi. Ameamua mama yake ndiye ataenda nasi. Nikasema sawa. Nilisema haraka, kabla sijafikiria.

Jumamosi, 1 Machi
Mama mkwe amefika. Hawezi kulala nyumbani kwangu, kwa hivyo jirani yetu Bilan amempa kitanda cha binti yake Leila. Bilan anacheka, ati sisi Wabukusu tunaogopa mama wakwe kuliko polisi. Nimemwambia si woga, ni heshima. Amesema hata wenye kuogopa polisi husema hivyo.

Jumatatu, 3 Machi
Eldoret. Wodi ya watoto. Mwanamume haruhusiwi kulala humo, kwa hivyo mama mkwe ndiye analala na mtoto. Mimi niko gesti ya ng'ambo ya barabara.
Daktari Kigen amenichorea kwenye karatasi. Mshipa umefura kama tyubu ya baiskeli pale raba ilipochoka. Zamani wangefungua fuvu. Sasa wanatoboa tundu dogo pajani, wanapitisha mrija mwembamba ndani ya mshipa mpaka kichwani, wakiutazama kwenye skrini. Kisha wanajaza ule uvimbe kwa nyuzi laini za madini, ili damu isiingie tena. Hatari zipo: mshipa unaweza kupasuka wakiwa ndani, au damu igande. Kusubiri ni hatari zaidi. Nimesoma fomu mara mbili. Nimetia sahihi; ni kesho asubuhi.
Baadaye Nafuna akaja mlangoni. Kukhu anauliza kama watampasua kichwa.
Nikamwambia: mwambie hapana, wanaingilia pajani.
Akaenda. Akarudi. "Anauliza, kwani siku hizi kichwa kiko pajani?"
Nimempa ule mchoro ampelekee. Ametuma jibu kwamba ameuona, na kwamba huyo daktari achore vizuri zaidi.

Jumanne, 4 Machi
Tumerudishwa wodini. Kosa ni langu.
Jana jioni Sally, muuguzi wa wodi, aliniambia mtoto asile kitu baada ya saa sita usiku. Tumbo liwe tupu kwa sababu ya dawa ya usingizi. Alitaka kumweleza na bibi. Nikasema acha, nitamfikishia. Nikafikisha kwa njia yetu ile ile – nikamwita Nafuna, nikamwambia amwambie kukhu. Kibao kilitundikwa kitandani, lakini ni cha Kiingereza na mama hasomi. Saa kumi na moja alfajiri akampa mtoto uji wa wimbi, kikombe kizima, aingie akiwa na nguvu.
Daktari amekataa, na ana haki. Angetapika usingizini uji ungeshuka mapafuni. Nafasi nyingine ni Alhamisi. Siku mbili zaidi na mshipa ule!
Nimemuuliza Nafuna kama alisahau.
"Sikusahau. Uji ulikuwa na ndimu."
Nilitaka kukasirika, nikashindwa. Nilimpa mtoto mwenye njaa kazi ya mtu mzima. Kope sasa imefunika nusu ya jicho. Mama mkwe hajatia kitu mdomoni kutwa.

Jumatano, 5 Machi
Sally ameniambia mama analia. Anasema amekaribia kumuua mjukuu wake. Hilo sikuweza kuliacha.
Nimesimama upande wa pili wa pazia la kitanda. Nikakohoa. Miaka kumi na moja ya ndoa, na sijawahi kusema naye moja kwa moja!
"Mama, ni mimi. Kosa si lako, ni langu. Kesho asipewe kitu, hata maji, mpaka daktari aseme."
Viatu vyake vilionekana chini ya pazia. Havikusogea.
"Nimesikia, mwanangu. Hata mate nitamwambia ateme."
Nafuna akacheka mpaka akashika kichwa. Nikamwambia asicheke sana. Akasema si yeye, ni sisi tunachekesha.

Alhamisi, 6 Machi
Saa mbili na robo asubuhi. Ameingia. Tumbo tupu. Amenipungia mkono akiwa kwenye kitanda cha magurudumu, kama mgeni rasmi.
Saa tatu na nusu. Mimi niko mwisho huu wa ukumbi, mama mwisho ule, amenipa mgongo. Mjumbe wetu yuko ndani. Hakuna wa kutupelekea maneno.
Saa nne. Phelista amepiga simu tena. Nimemwambia bado. Ameuliza mama yake yuko aje. Nikasema sijui, sioni uso. Akasema basi nenda uone.
Saa nne na dakika ishirini. Nimenunua chai. Nimeiweka katikati ya benchi lake, nikakaa ncha ya pili. Hakuondoka. Amekunywa. Kisha akasema, akitazama sakafu, kwamba ni yeye aliyempokea Nafuna siku ya kuzaliwa. Amezijua kope hizo kabla yangu. Nikasema ningemsikiliza siku ile Bungoma. Akasema ndiyo, ungenisikiliza. Basi.
Saa sita kasoro robo. Sally ametoka. Wamemaliza, uvimbe umejazwa zile nyuzi, daktari ameridhika na picha. Lakini Nafuna haamki upesi kama walivyotarajia. Wanataka sauti anayoijua. Mtu mmoja tu.
Mama akasema: "Nenda wewe. Wewe ndiye baba."
Nikasema: "Wewe ndiye humwamsha, mama. Mimi hunisikia akitaka."
Ametazama mlango. Akafunga leso vizuri, akaingia.
Mlango haukufungwa sawasawa. Namsikia. Nafuna. Nafuna, we. Hapandishi sauti, anaita kama anayemwamsha aende shule. Mara tano. Mara nane. Nahesabu kwa sababu sijui la kufanya. Mashine inalia tiii, tiii, haibadiliki. Mara kumi na mbili.
Amenyamaza.
Sally anasema kitu, sishiki.
Sasa mama anaita tena – si Nafuna. Anasema Wakoli. Wakoli, njoo. Tangu nimuoe binti yake hajawahi kulitamka jina langu. Siwezi kujua kwa sauti hiyo kama ni heri au shari, mpaka sauti nyingine, ndogo na nzito kwa usingizi, inamwiga: Wakoli, njoo.